Mkindu, Kibuyu na Chupa ya Sokoni

Hoja ni hii: mkindu ni dawa, au unasingiziwa udawa?

Mkindu ninaouzungumzia ni ule wa porini, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata, ndugu wa mtende uzaao tende. Pwani majani yake machanga ndiyo ukindu wa mikeka na vikapu. Huku Bomet, magharibi mwa Kenya, mbali na bahari, huota kando ya mito na kwenye mabonde yenye maji, na Wakipsigis huuita sosiot. Sosiot pia ndicho kifaa kitengenezwacho kwa bua la jani lake, na nyumba yoyote yenye kibuyu cha maziwa inakijua.

Nimeupanga mjadala kwa sauti nne. Wasemaji nimewatunga, maana sikutaka kumsimamisha mtu wa kweli kizimbani. Hoja zao sikuzitunga: zinasemwa sokoni, kwenye foleni ya zahanati, hata kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Yupo Kogo, nyanya anayetibu kwa miti. Yupo muuguzi. Yupo mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Na yupo kijana auzaye dawa za chupa siku za soko. Yeye ndiye anayeanza, kwa kuwa mali iliyo mezani ni yake.

KIJANA: Chupa hii ni mizizi ya mkindu iliyochemshwa, nimeichanganya na miti mingine. Inasaidia tumbo, mgongo, presha, sukari, na wazee wanaoamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo. Watu wananunua na wanarudi. Mtu akirudi, si ushahidi huo?

KOGO: Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Nani alikufundisha mizizi ya sosiot?

KIJANA: Nimesikia kwa wauzaji wenzangu, Kogo. Na si huku tu. Pwani wanatumia mnazi tangu zamani, maji ya dafu, mafuta, hata mizizi. Marekani kuna mti wa jamii hiyohiyo ya michikichi na minazi, matunda yake yanauzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya tezi dume. Kama wenzetu walioendelea wanatumia, sisi tunaogopa nini?

MWALIMU: Mti huo naujua. Unaitwa Serenoa repens, mfupi, wa Florida na majimbo ya jirani. Wenyeji wa Marekani waliyala matunda yake kabla ya mtu yeyote kuyatia kwenye vidonge. Baadaye biashara ikawa kubwa sana. Ndipo madaktari wakaamua kuupima sawasawa. Mwaka 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanaume 225 wenye shida ya mkojo. Nusu walipewa dawa ya mti huo, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, na hakuna aliyejua amepata kipi. Baada ya mwaka mzima, makundi mawili hayakutofautiana. Watu wakasema labda kipimo kilikuwa kidogo. Mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine, safari hii dawa ikiongezwa hadi mara tatu ya kawaida. Matokeo yakawa yaleyale. Na miongoni mwa wale waliokunywa vidonge vitupu, si wachache waliosema wamepata nafuu. Kwa hiyo mteja akirudi kwako haijathibitisha kitu. Hata wa kidonge kitupu angerudi.

KIJANA: Basi umekataliwa huo wa kwao. Mkindu wetu nani ameupima?

Hapa kijana amesema neno la maana, na sitaki lipite haraka. Kushindwa kwa mti wa Florida hakuhukumu mti wa kando ya mto wetu wa Nyangores. Miti ya jamii moja haifanyi kazi moja, na mkindu haujawahi kupata wa kuugharimia majaribio ya namna ile. Fedha za utafiti hufuata soko, na soko la mkindu ni la wanawake wenye vibuyu na wasusi wa mikeka.

MWALIMU: Kweli, haujapimwa. Lakini mti ambao haujapimwa haujaruhusiwa kuitwa dawa ya magonjwa matano kwenye chupa moja. Mizizi na maganda ya miti mingi yana tanini, ndiyo inayokukausha mdomo ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hukaza utumbo, na ndiyo sababu watu wa nchi nyingi waliwapa wenye kuhara maganda ya miti. Hiyo ni hoja ya tumbo, na hata hiyo inahitaji kupimwa. Kutoka tumbo hadi presha na sukari umeruka mto usio na daraja.

MUUGUZI: Na tuseme la dafu, maana amelitaja. Maji ya dafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi. Lakini sodiamu yake ni kidogo, na mtoto anayehara anapoteza sodiamu. Kwa hiyo dafu haliwezi kuchukua nafasi ya chumvi za ORS na zinki. Mama wa Bomet hana dafu hata hivyo. Anachonunua ni chupa kama hiyo yako, halafu anasubiri. Ninachokiogopa mimi ni kusubiri. Mtoto mdogo anayehara na kutapika anaweza kukauka maji mwilini ndani ya siku moja.

MWALIMU: Na jamii hii ya miti ina pande mbili. Angalieni popoo, ile inayotafunwa na tambuu Zanzibar, Mombasa na Lamu. Ni mbegu ya mti wa jamii ya mnazi. Zamani ilitumika kutoa minyoo, kwa watu na kwa wanyama, na kemikali iliyo ndani yake kweli inawapooza minyoo. Lakini mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka popoo katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Ya kinywa hasa.

KOGO: Mmemaliza? Maana mmezunguka Marekani na Unguja, na sosiot imesimama pale mtoni hamjaigusa. Mimi sichemshi mizizi ya sosiot. Mama yangu hakuchemsha, na mama yake sikumwona akichemsha. Anayekuuzia maji hayo amebuni mwenyewe. Kazi ya sosiot ni nyingine, na ni kubwa kuliko hiyo mliyoipa.

Sikilizeni. Unakata bua la jani, refu la kufika chini ya kibuyu. Ncha yake unaipondaponda mpaka nyuzi zinatoka. Kibuyu, tunachokiita sotet, unakiosha kwa maji ya moto na sosiot hiyo mpaka kila kona ya ndani imesuguliwa. Mkono hauingii mle, kitambaa hakiingii, na shingo ya kibuyu ni nyembamba. Unakianika kikauke. Kisha unachukua kijiti cha senetwet kilichowaka moto, unakiingiza ndani kikiwa kaa, unakisaga kwa sosiot hiyohiyo mpaka masizi yametapakaa ukutani pote. Hapo ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Unafunga, unaweka siku kadhaa, unapata mursik. Maziwa hayo yanakaa bila friji. Nyumba yenye mwanamke mvivu wa sosiot ilijulikana kwa watoto wake, matumbo yao hayakutulia. Sasa niambieni, mti unaozuia mtoto asiugue si dawa? Mpaka umezwe?

MUUGUZI: Hapo, Kogo, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Nusu ya kazi yangu ni kuwaambia watu waoshe vyombo na mikono. Kama sosiot ndiyo inayofika chini ya kibuyu, basi imezuia magonjwa mengi kuliko chupa zote za sokoni. Lakini umeitaja mursik, na hapo lazima nikuulize jambo ambalo hulipendi.

KOGO: Uliza, sista. Nalijua.

MUUGUZI: Mwaka 2002 madaktari wa hospitali yetu ya Tenwek waliandika katika jarida la Lancet kuhusu saratani ya umio kwa vijana wa wilaya ya Bomet. Kwingine duniani huo ni ugonjwa wa wazee zaidi. Huku wamekuja watu wa miaka ishirini na kitu, hawawezi kumeza ugali, kisha uji, kisha mate yao wenyewe. Wengine tunaweza tu kuwawekea mrija ndani ya umio ili wapate kula kwa muda waliobakiza. Watafiti wakaanza kutafuta chanzo, na mwaka 2013 ukatoka utafiti uliopima mursik ya huku kwetu. Ulikuta pombe kidogo na asetaldehidi, kemikali ambayo inajulikana kuharibu chembe za mwili.

KOGO: Na wanariadha wetu wanaporudi na medali, wanapokewa na nini uwanja wa ndege? Kwa mursik. Baba zetu waliinywa wakazeeka. Mnapotafuta wa kumlaumu, mnaanza na kibuyu cha mama.

MWALIMU: Kogo ana haki ya kudai hesabu kamili. Utafiti ule ulipima kilichomo ndani ya maziwa, ukasema inawezekana. Haukusema mursik ndiyo iliyowaua. Washukiwa ni wengi: moshi wa kuni jikoni, pombe, tumbaku, lishe, na chai.

KIJANA: Chai? Katika nchi ya chai?

MWALIMU: Si majani yake, ni moto wake. Mwaka 2016 shirika lilelile la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzijoto 65, huenda husababisha saratani ya umio. Na huku magharibi mwa Kenya utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa huo kuliko wanaosubiri vipoe. Nani kati yetu husubiri chai ipoe? Tangu kampuni ya chai ya Brooke Bond ilipofika Kericho miaka ya 1920, chai imetupa mishahara, karo na barabara, na kila nyumba inaimimina kikombeni ikitoka kuchemka. Ukimkemea Kogo kwa kibuyu na wewe mwenyewe unapuliza kikombe huku unakunywa, hujatenda haki.

MUUGUZI: Sikumkemea. Nimesema kuna swali halijajibiwa, na anayeinywa anayo haki ya kulijua.

Naingilia kidogo, kwa sababu hapa ndipo mjadala wa dawa za miti huharibika kila mara. Mmoja anatetea utamaduni, mwingine anatetea hospitali, na mgonjwa anasahauliwa katikati. Binafsi naona Kogo amekwisha kushinda nusu ya hoja: ameuvua mkindu sifa usizostahili na kuupa kazi yake halisi. Ni wachache wenye ujasiri huo, hata miongoni mwa wanaovaa koti jeupe. Lakini nusu nyingine bado iko wazi. Je, mganga mwadilifu afanye nini na mgonjwa ambaye si wake?

KIJANA: Kabla hamjanigeukia tena, nami niseme. Mnazungumza kana kwamba hospitali iko mlangoni kwa kila mtu. Tenwek ilianza mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza akafika 1959. Vizazi vyote vya kabla ya hapo vilitibiwa na nani? Na hata leo, kuna nauli, kuna vipimo, kuna dawa unazoandikiwa ukanunue nje. Madaktari wa serikali waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mwanamke mwenye homa alikwenda wapi siku hizo? Alikuja kwetu.

MUUGUZI: Na sisi wauguzi tuligoma miezi mitano mwaka huohuo wa 2017. Sitalificha hilo. Kuna watu waliumia, na wengine walikuja kwenu kwa sababu sisi hatukuwepo. Lakini ukimpokea mtu kwa sababu daktari hayupo, umebeba wajibu wa daktari. Huwezi kumuuzia dawa ya presha na ya sukari kwenye chupa moja na kumwambia aache vidonge. Wapo walioacha. Wamekuja kwangu wamepooza upande mmoja.

KIJANA: Mimi sijamwambia mtu aache vidonge.

MUUGUZI: Ukimwambia chupa inatibu presha, umemwambia.

Kijana alinyamaza. Katika mjadala huu sikumpa jibu la kumwokoa, kwa kuwa sijapata kulisikia.

MWALIMU: Sheria haiko kinyume chako, kijana. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 11, inataka taifa litambue sayansi na pia teknolojia za wenyeji. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima juu ya tiba za asili na tiba mbadala. Na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa kaunti kazi ya kuyasajili. Yaani anachokijua Kogo kuhusu senetwet kingeweza kuandikwa kwa jina la jamii yake, ili kampuni isije ikakichukua bure. Lakini huwezi kusajili "inatibu magonjwa mengi". Utaulizwa: mti gani, sehemu gani ya mti, kiasi gani, ugonjwa gani, nani asipewe.

KOGO: Maswali hayo ndiyo aliyoniuliza mama yangu kabla hajaniruhusu kuchimba mzizi hata mmoja. Senetwet nampa mtu ambaye tumbo limefunga. Nampa kidogo. Mwenye mimba simpi. Mtoto mchanga simpi. Ukizidisha, mtu ataharisha na kutapika mpaka aishiwe nguvu, na anaweza kufa. Hilo nalijua tangu ningali msichana.

MWALIMU: Na kemia inakubaliana nawe. Senetwet ni Senna didymobotrya. Vidonge vya senna vinavyotolewa hospitalini kwa mtu ambaye hapati choo vinatoka kwa ndugu yake wa karibu, na kemikali zinazofanya kazi ni za ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kilichoandikwa. Jani linabadilika kwa udongo, kwa msimu, kwa umri wa mti. Hilo ndilo linalonitia hofu juu ya jani.

KOGO: Nami kidonge kinanitia hofu kwa sababu aliyekitoa hamjui mgonjwa, wala hamkumbuki mama yake aliyekuwa na tumbo lilelile. Sote tuna hofu zetu. Lakini mna habari kwamba mnabishania mti unaoondoka? Nilipokuwa msichana, bonde la chini ya nyumba yetu lilikuwa limejaa sosiot. Wakachimba mifereji, maji yakaondoka, wakapanda mboga na nyasi za ng'ombe, juu yake wakaweka mikaratusi. Leo nikitaka bua natembea mbali.

MWALIMU: Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji ing'olewe.

KOGO: Aliagiza. Njoo uone kando ya mto wetu. Na si sosiot peke yake. Tendwet nao, ambao wanaume hutafuta maganda yake kwa shida hiyohiyo ya mkojo mliyosema. Zamani tulichuna upande mmoja tu, tukauacha mti upone. Walipokuja wanunuzi wa maganda, watu walichuna mti mzima, ukafa umesimama.

MWALIMU: Ndiyo Prunus africana. Biashara ya kimataifa ya mti huo imewekewa masharti tangu mwaka 1995, chini ya mkataba wa CITES, kwa sababu hiyohiyo.

KIJANA: Kwa hiyo mnataka niache kuuza. Nina watoto wawili.

KOGO: Sijasema uache kuuza. Nimesema uache kuuza uongo. Itoe sosiot kwenye chupa. Kisha nenda mtoni, kata mabua, ponda ncha vizuri kama nitakavyokuonyesha, ufunge mafungu. Wanaouza mursik hotelini na njiani wana vibuyu, na vibuyu vinataka kusuguliwa. Sasa wanatumia burashi ya plastiki iliyokatika, au hawasugui kabisa. Wewe waulize.

KIJANA: Bei yake itakuwa ndogo, Kogo.

KOGO: Ndogo, lakini utalala usingizi. Na usikate moyo wa mti. Chukua majani ya nje, uache ya katikati. Ukiona mche mdogo umeota penye majimaji, upande kwetu bondeni. Mikaratusi miwili nitaing'oa mimi mwenyewe.

MUUGUZI: Kogo, bado hujanijibu langu. Mtu akija kwako anasema chakula kinakwama kooni.

KOGO: Simpi kitu. Tangu zamani simpi kitu. Lakini nikimwambia "nenda Tenwek" au "nenda hospitali ya Longisa", anaona nimemkataa, anaenda kwa mwingine mwenye chupa, anapoteza miezi mitatu. Akifika kwenu mnamwuliza kwa nini amechelewa, kwa sauti ya kumgombeza, naye ataogopa kusema alikuwa wapi na alikunywa nini. Hapo mimi na wewe tumempoteza pamoja.

MUUGUZI: Tunahitaji kujua alichokunywa. Kuna miti inayogombana na dawa zetu, na mingine inaumiza figo.

KOGO: Basi sitamtuma mikono mitupu. Nitampa karatasi. Huyu kijana anajua kuandika, ataniandikia.

KIJANA: Niandike nini?

MWALIMU: Jina la mti kwa Kikipsigis, sehemu iliyotumika, kiasi, na siku aliyoanza kunywa. Kama hakupewa kitu, andika hivyo pia, na siku aliyokuja.

MUUGUZI: Mimi nitaibandika kwenye faili lake. Na sitamgombeza.

KOGO: Weka na jina langu chini yake. Kama nimekosea, wajue wa kumuuliza.